Kufundisha usafishaji wa maji ya kunywa kwa usanifu wa kihandisi: maswali ya walimu wa Unguja na Pemba

Haya ni maswali ambayo walimu wa sayansi visiwani huuliza wanapotaka kulitoa somo la maji ubaoni na kuliweka mikononi mwa wanafunzi. Mengine yameulizwa na wazazi. Majibu hayalingani kwa urefu, kwa sababu maswali nayo hayalingani kwa uzito.

Usanifu wa kihandisi ndio nini, na unatofautianaje na jaribio tulilozoea?

Kwenye jaribio la kawaida mwalimu analijua jibu kabla hajaingia darasani, na mwanafunzi anafuata maelekezo mpaka alifikie. Kwenye usanifu kuna mtu mwenye shida, kuna masharti, na majibu yanaweza kuwa mengi. Familia hii ina kisima kinachoingia tope kila masika. Wana pesa kiasi hiki na vifaa hivi, na wanahitaji maji kabla ya magharibi. Mtawafanyia nini? Wanafunzi wanaichunguza shida, wanabuni njia kadhaa, wanachagua moja na kutetea uchaguzi wao, wanaiunda, wanaipima, wanairekebisha, kisha wanaipima tena.

Hiyo "kisha tena" ndiyo hupotea mara nyingi. Muda unakwisha, kengele inalia, na somo linaishia kwenye kipimo cha kwanza. Hapo tumefundisha kazi za mikono tu. Mwanafunzi anapoulizwa "sasa ukipewa nafasi ya pili utabadilisha nini, na kwa nini hicho na si kingine?" ndipo anapoanza kufikiri kama mhandisi. Kama muda wako ni mdogo, punguza mazungumzo ya mwanzo, lakini usiiondoe raundi ya pili.

Maji yetu yanatoka ardhini, tena yanang'aa. Kwa nini nihangaike kufundisha kuchuja tope?

Swali hili ni zuri kuliko yote, na jibu lake linapaswa kubadilisha namna tunavyolifundisha somo zima.

Masomo mengi ya kuchuja maji yameandikwa kwa ajili ya nchi zinazokunywa maji ya mito. Mwanafunzi anapewa maji ya tope, anayachuja, yanatoka meupe, darasa linapiga makofi. Mtoto wa Dar es Salaam ana sababu ya kujifunza hivyo, maana sehemu kubwa ya maji ya jiji lake hutoka Mto Ruvu na kupita kwenye mitambo ya Ruvu Chini na Ruvu Juu. Mtoto wa Unguja anakunywa maji ya chemchem na visima. Yanapita ndani ya mawe ya matumbawe na mara nyingi hutoka yakiwa angavu. Tukimfundisha kwamba maji yakishang'aa kazi imekwisha, tumempa somo litakalomdhuru, kwa sababu maji ya kwao yanang'aa tayari.

Mawe ya matumbawe yana nyufa na mapango. Kwenye ardhi ya mchanga au udongo, maji hushuka polepole na mengi ya machafu yake hubaki njiani. Kwenye jiwe lenye nyufa yanaweza kukimbia kutoka shimo la choo hadi kisimani bila kuchujwa na chochote, yakafika hayana rangi wala harufu. Ndiyo maana umbali baina ya choo na kisima, ambao huenda ukatosha mahali penye udongo mzito, hautoshi kwenye maweni. Nitrati, kemikali inayotokana na vyoo, nayo huyeyuka ndani ya maji na haionekani kabisa.

Historia ya ugonjwa inasema hivyo hivyo. London mwaka 1854, daktari John Snow alifuatilia vifo vya kipindupindu hadi kwenye pampu moja ya mtaa wa Broad Street. Mwanamke mmoja aliyekuwa amehamia Hampstead, mbali na pale, alikuwa akiletewa maji ya pampu ile kwa sababu aliipenda ladha yake. Alikufa kwa kipindupindu. Visiwani kwetu ugonjwa huo umeingia mara nyingi. Daktari James Christie alikuwa Unguja wakati wa ule wa 1869 na 1870, na watu wazima wote wanakumbuka mwaka 2016, skuli zilipofungwa kwa sababu yake.

Kwa hiyo tope tulifundishe, lakini lisiwe mwisho wa somo. Tengeneza ndoo mbili. Ya kwanza iwe ya tope. Ya pili iwe angavu, na ndani yake umetia chumvi na kitu kingine kisichoonekana. Waache wanafunzi wafurahie ushindi wa ndoo ya kwanza, kisha waletee ya pili waulize: hii je, mtainywa? Ubishi utakaozuka hapo ndio moyo wa somo.

Pemba hali ni tofauti kidogo. Kuna vilima, vijito na udongo mwekundu, na visima vingi vya mikono huchafuka kweli mvua zikinyesha. Mwalimu wa Wete au Mkoani anaweza kuanza na tope akiwa na sababu halisi. Mwalimu wa Micheweni, kwenye ardhi ya mawe, yuko karibu zaidi na mwenzake wa Makunduchi.

Mtambo mkubwa wa maji unafanya nini hasa? Nataka kuwaeleza kabla hawajaanza kuunda.

Usiwaeleze yote kabla. Waambie kwamba mito ina uchafu wa aina nyingi na kila aina inahitaji dawa yake, halafu waache waunde. Ukieleza mapema, kila kundi litaiga mchoro wako. Lakini wewe mwenyewe unapaswa kuijua njia yote, na ni hii.

Maji ya mto yana chembe za udongo ndogo sana ambazo hazizami hata ukizingoja siku nzima. Zina chaji hasi ya umeme, kwa hiyo zinasukumana na kubaki zikielea. Mtambo hutia dawa yenye chaji chanya, mara nyingi chumvi ya alumini. Ile chaji inavunjika, chembe zinaanza kushikana. Hapa maji hukorogwa kwa nguvu kwa muda mfupi ili dawa ienee. Kisha hukorogwa taratibu, dakika kumi hadi ishirini, ili chembe zikutane na kuwa mabonge bila kuvunjwa. Halafu maji hupumzishwa kwenye bwawa pana, mabonge yanazama, maji ya juu yanapelekwa kwenye vichujio vya mchanga. Mwisho hutiwa klorini na kuingizwa kwenye matangi na mabomba.

Ruvu Chini, baada ya kupanuliwa, uwezo wake ni lita milioni 270 kwa siku, na Ruvu Juu ni lita milioni 196. Waulize wanafunzi hizo ni ndoo ngapi za lita 20. Hesabu hiyo huwafumbua macho.

Kwetu Zanzibar, maji ya ZAWA, yaani Mamlaka ya Maji Zanzibar, yatokayo chemchem na visimani hayahitaji mlolongo wote huo. Yakiwa angavu, kazi kubwa ni kuyalinda pale yanapotoka, kuyatia klorini na kuyafikisha bila kuchafuka njiani. Mhandisi mzuri haongezi hatua isiyohitajika, na hilo nalo ni jambo la kufundisha.

Hiyo dawa ya kushikanisha chembe tutaipata wapi?

Ni shabu, ile ile inayouzwa madukani na kwa wauza dawa za asili. Isage iwe unga. Chukua gramu 10, yaani kama vijiko viwili vya chai, yayusha ndani ya lita moja ya maji safi. Sasa kila mililita ya mchanganyiko wako ina miligramu 10 za shabu, na kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, kina miligramu 50.

Panga chupa tano zenye lita moja moja ya maji ya tope yaliyochotwa ndoo moja. Ya kwanza usitie kitu. Ya pili tia nusu kijiko, ya tatu kijiko kimoja, ya nne viwili, ya tano vinne. Korogeni zote kwa kasi dakika moja, kisha taratibu dakika kumi, kisha ziacheni zitulie nusu saa. Wanafunzi wataona mabonge yakitokea na kuzama, na wataona kwamba chupa iliyotiwa nyingi zaidi si lazima ndiyo iliyong'aa zaidi. Wahandisi wa mitambo ya maji hufanya jaribio hili hili kila maji ya mto yanapobadilika. Hakuna kipimo cha kudumu, kwa sababu mto wa masika si mto wa kiangazi.

Kwa wanafunzi wa sekondari kuna jambo la kuongeza. Shabu huyafanya maji yawe na asidi kidogo. Maji ya kisima cha matumbawe yana chokaa iliyoyeyuka, inayoizuia asidi hiyo isizidi. Maji ya mvua yaliyokingwa juu ya bati hayana kinga hiyo. Chukueni aina mbili za maji, tieni udongo sawa na shabu sawa, mlinganishe. Jaribio hilo litawafundisha kuhusu asidi na besi kwa namna ambayo karatasi ya litmasi peke yake haiwezi.

Mbegu za mlonge zinasafisha maji kweli, au ni maneno ya watu?

Ni kweli, kwa kiasi. Ndani ya mbegu za mlonge kuna protini zenye chaji chanya zinazofanya kazi kama ya shabu. Menya mbegu zilizokauka, zitwange laini, changanya unga na maji kidogo, chuja kwa kitambaa, tia kwenye maji ya tope. Anza na mbegu moja au mbili kwa lita. Hata bakteria wengi huzama pamoja na tope.

Si wote, hata hivyo. Tena masalia ya mbegu hubaki ndani ya maji na kuwa chakula cha vijidudu, ndiyo maana maji hayo hayafai kuwekwa kwa muda mrefu. Kundi moja litumie shabu, jingine mlonge, na kila kundi litetee dawa yake kwa vipimo. Mlonge unamea uani, na bei yake ni jasho la kutwanga tu. Hicho ni kigezo cha usanifu kama kingine chochote.

Skuli yetu haina maabara. Vifaa tutavitoa wapi?

Chupa tupu za maji za lita moja na nusu zimejaa kila mahali. Zikate kitako, zipindue, na mdomoni mfunge kitambaa. Kokoto na mchanga utapata penye ujenzi ukiomba mabaki. Makaa ya vifuu yavunjwe vidogo vidogo na kuoshwa mpaka weusi usitoke. Ongeza pamba, makumbi, vitambaa vya kanga iliyochakaa, ndoo mbili, na saa ya simu.

Mchanga usiuchote pwani wala usiuchimbe popote unapotaka. Uchimbaji wa mchanga visiwani unasimamiwa na Serikali, na kuna sababu nzuri za kufanya hivyo. Zaidi ya hayo, mchanga mweupe wa pwani una chumvi, na sehemu yake kubwa ni vipande vya matumbawe na makombe. Anayetaka kujua, adondoshee siki au ndimu: ukitoa povu, ni chokaa. Mchanga mzuri wa kuchujia hautoi povu. Mwonesheni kila mwanafunzi jaribio hilo, ni la dakika moja na hawalisahau.

Kabla ya kutumia, osha mchanga mpaka maji yake yatoke safi. Kundi litakaloruka hatua hii litapata maji machafu kuliko yale waliyoanza nayo. Usiwakataze, waache wagundue.

Nini kitangulie ndani ya chupa, mchanga au kokoto?

Waulize wao. Makundi mengi huweka mchanga chini na kokoto juu, kisha hushangaa mchanga ukimwagika pamoja na maji. Wengine hufanya kinyume na kugundua kwamba kokoto za chini zimeubeba mchanga na kuuzuia usitoke. Mchanga laini ndio unaozuia chembe, kokoto zinaushikilia. Usiliseme hili kabla ya raundi ya kwanza.

Wanafunzi wangu hushindana nani maji yake yatatoka haraka. Ni sawa?

Hapana, ila ni mlango mzuri wa kuingilia. Chukua chupa yenye upana wa sentimita 8. Eneo la mchanga wake ni kama sentimita za mraba 50. Vichujio vya mchanga vya mwendo wa polepole, ambavyo James Simpson alivitumia kwa maji ya London mwaka 1829, hupitisha maji kwa kina cha kama mita 0.1 hadi 0.4 kwa saa. Kwa chupa yetu hiyo ni nusu lita hadi lita mbili kwa saa nzima. Kundi linalojivunia kuchuja lita moja kwa dakika linapitisha maji kwa mita 12 kwa saa.

Mwendo huo upo kwenye mitambo mikubwa, lakini pale maji yameshatiwa dawa na mabonge yameshazama. Mchanga wa haraka bila dawa hauzuii chembe ndogo. Mchanga wa polepole huweza zaidi kwa sababu juu yake huota utando wa viumbe hai wadogo wanaokula na kunasa vijidudu, na utando huo huchukua wiki kadhaa kukomaa. Chupa ya darasani haina utando huo.

Kwa hiyo weka masharti mawili yanayovutana: maji yawe angavu kiasi fulani, na lita moja ipatikane ndani ya dakika ishirini. Kundi likiongeza mchanga, maji yanang'aa lakini yanachelewa. Likipunguza, yanawahi lakini yana ukungu. Kuishi katikati ya masharti yanayovutana ndiyo kazi ya kila siku ya mhandisi, na mwanafunzi anaielewa kwa kuichezea chupa yake, hata kabla hujampa jina la jambo hilo.

Wanaweza kuyanywa maji waliyoyachuja?

Hapana. Hata yang'ae namna gani, hata mwalimu mkuu akitaka kuonesha mfano mbele ya wageni. Liandike ubaoni mwanzo wa kila kipindi, na kila chombo cha kazi hii kiwekewe alama ili kisirudi kutumika kwa chai. Kuonja nako ni marufuku, pamoja na kuonja chumvi.

Tutapimaje bila mashine?

Ukungu: chora msalaba mweusi kwenye karatasi nyeupe, iweke chini ya chombo kirefu kinachopitisha mwanga, mimina maji polepole huku mmoja akitazama kutoka juu. Msalaba ukipotea, pima kina cha maji kwa rula. Kina kikiwa kirefu, maji ni angavu zaidi. Mtazamaji awe yule yule kwa makundi yote, kwa sababu macho hayafanani.

Chumvi: betri tatu za kawaida, balbu ndogo ya LED nyekundu na misumari miwili. Misumari ikae umbali ule ule ndani ya maji kila mara. Maji yenye chumvi yanapitisha umeme vizuri, taa inawaka kwa nguvu. Njia nyingine ni kudondosha tone moja juu ya kioo safi na kulikausha juani, kisha kutazama kilichobaki. Kumbuka kwamba maji ya visima vyetu huacha pia chokaa, kwa hiyo linganisheni kabla na baada ya kuchuja, msitafsiri tone moja peke yake.

Bakteria: hapa usibahatishe. Kipimo cha kuaminika kinataka vifaa na usafi wa maabara. Andika barua kwa ofisi ya ZAWA iliyo karibu, au kwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, uombe sampuli zenu zipimwe au mtaalamu aje kuonesha. Kigezo cha kuwaambia wanafunzi ni kwamba maji ya kunywa hayatakiwi kuwa hata na bakteria mmoja wa E. coli, aina inayotoka kwenye kinyesi, ndani ya mililita 100. Matokeo yakija kwamba maji "angavu" ya kundi lililoshinda yamejaa bakteria, hutahitaji kuhutubia.

Kisima cha jirani na skuli kina chumvi. Kichujio kitaiondoa?

Hakitaiondoa, na wanafunzi wengi hawaamini mpaka waone taa ya LED ikiwaka sawasawa kabla na baada. Chembe ya udongo inaelea ndani ya maji, lakini chumvi imeyeyuka. Mtoto yeyote aliyewahi kukamua nazi nyumbani analijua hilo: kifumbu kinazuia machicha, tui linapita lote na ladha yake. Makaa nayo hayaondoi chumvi. Kuchemsha kunaizidisha, maana maji yanapungua na chumvi inabaki.

Hapa pana nafasi ya somo kubwa la kisiwa. Chini yetu maji baridi yameelea juu ya maji ya bahari, kwa sababu ni mepesi kidogo. Kanuni inayojulikana kwa majina ya Ghyben na Herzberg inasema kwamba kwa kila mita moja ya maji baridi juu ya usawa wa bahari, ziko kama mita 40 za maji baridi chini yake. Ugeuze sentensi hiyo uone hatari: tukivuta maji mpaka yakashuka mita moja, maji ya chumvi yanaweza hatimaye kupanda mita 40. Visima vya pwani vinavyovutwa kwa mashine kubwa mchana na usiku huanza kutoa chumvi kwa sababu hiyo, na ikishaingia huchukua muda mrefu kutoka. Mhandisi wa maji wa Zanzibar lazima aulize kwanza tuvute kiasi gani, ndipo aulize tusafishe vipi.

Changamoto ya kuwapa: pata maji baridi kutoka kwenye maji ya bahari kwa jua tu. Karai, kikombe katikati, plastiki safi juu, kijiwe juu ya plastiki ili ibonyee kuelekea kikombe. Maji yanapanda kama mvuke, yanagusa plastiki, yanadondoka. Yatakuwa kidogo mno, na udogo huo ndio swali la raundi ya pili: tuongeze eneo, tubadili rangi ya karai, au tuzibe pembe vizuri?

Klorini niitumie darasani?

Mwalimu aishike, wanafunzi watazame, milango iwe wazi. Usiichanganye kamwe na siki, ndimu, wala dawa nyingine ya usafi, kwani hutoka hewa ya sumu. Kwa kuwa siki na ndimu zimo kwenye jaribio la mchanga, kazi hizi mbili zifanyike siku tofauti.

Onesho lenye faida ni hili. Gilasi mbili, moja ya maji safi, nyingine ya maji yenye tope na majani yaliyooza. Tia kila moja matone sawa ya klorini, subiri, kisha dondosha rangi ya chakula kwenye zote. Ndani ya maji safi rangi inafifia, maana klorini bado ipo. Ndani ya maji machafu rangi inadumu zaidi, kwa sababu uchafu umeshaimaliza klorini. Sasa mwanafunzi anajua kwa nini tope huondolewa kwanza na dawa hutiwa mwisho.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba klorini ikae na maji angalau nusu saa, na ibaki kiasi kidogo, miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita, ili iyalinde njiani na ndani ya ndoo. Harufu ile inayolalamikiwa mferejini ni mabaki hayo.

Makundi niyapange vipi?

Wanne au watano. Majukumu yazunguke kila kipindi: mwundaji, mpimaji, mwandishi, mwenye mfuko. Mwenye mfuko ananunua vifaa kwako kwa "shilingi za darasa", na kila kitu kina bei. Mchanga rahisi, makaa ghali. Hapo ndipo wanapoacha kujaza chupa kila kitu.

Usikubali wavulana waunde na wasichana waandike. Majumbani kwetu wanawake na wasichana ndio wanaochota maji, ndio wanaojua kisima kipi hubadilika mwezi gani na ndoo ipi ikae wapi. Wape nafasi ya kusema hayo mwanzo, darasa zima litafaidika.

Inachukua vipindi vingapi, na inafaa darasa gani?

Vinne vinatosha: shida na mipango, kuunda na kupima, kurekebisha na kupima tena, kisha chumvi na klorini. Darasa la Tano na la Sita wanaweza vipindi vitatu vya kwanza bila shida. Hesabu za mwendo wa maji na mambo ya chaji yaachie sekondari.

Tuwapeleke wapi kutazama?

Chemchem za Mwanyanya na Bububu ziko karibu na mji, na historia yake ni ndefu. Sultan Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, aliuletea mji maji kutoka chemchem za upande huo. Omba ruhusa ZAWA mapema. Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia iliyopo Mbweni ina vijana wanaosomea ufundi, mwalikeni mmoja wao aje kuyakosoa maumbo ya wanafunzi wenu. Kama safari haiwezekani, tembeeni nao pamoja na sheha kwenye visima vya shehia, wachore ramani ya visima na vyoo. Ramani hiyo ina thamani kuliko basi la kwenda mjini.

Mimi ni mzazi. Mwanangu anataka tuchuje maji ya nyumbani kwa chupa. Nimwambieje?

Mwambie ahsante, na kwamba kuchuja ni hatua ya kwanza tu. Maji ya kunywa yachemsheni mpaka yatokote sawasawa, au tieni dawa ya maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Pia maji angavu yaliyowekwa kwenye chupa za plastiki zinazopitisha mwanga, za lita moja au mbili, yakilazwa juani kwa muda wa saa sita huuliwa vijidudu vingi. Siku za mawingu ya masika yaacheni siku mbili. Hakuna hata moja kati ya njia hizi inayoondoa chumvi au nitrati.

Kisha tazameni mtungi wenu. Maji yaliyosafishwa vizuri huchafuliwa upya na kata inayoshikwa na mikono ya watu wote wa nyumba. Chombo chenye kifuniko na bomba dogo chini ni bora. Kama hakipo, kata iwe na mpini mrefu na itundikwe, isiachwe juu ya kifuniko. Mwanao anaweza kulibuni hilo pia.

Mchanga na tope vilivyotumika tuvitupe wapi?

Mitambo mikubwa nayo ina swali hili: mchanga huoshwa kwa maji yanayosukumwa kutoka chini kwenda juu, na tope la chini ya mabwawa lazima lipelekwe mahali. Lifanyeni kuwa sehemu ya mradi. Mchanga usafisheni kwa njia hiyo hiyo, sukumeni maji kupitia mdomo wa chupa kwenda juu mpaka yatoke safi, uanikeni na uwekeni kwenye gunia lenye alama kwa darasa linalofuata. Tope lenye shabu lifukieni mbali na kisima na bustani. Makaa yaliyotumika yasirudi jikoni. Chupa zilizokatwa zina ncha kali, zikusanyeni nyinyi walimu, msiwaachie watoto.